Waya wa foni: namna umeme ulivyotoka chini ya kapo ukaingia kwenye kabine

Wengi mnaotupigia redioni mnatumia simu iliyochajiwa ndani ya gari. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, vita vilipofika Goma na umeme ukakatika pamoja na maji, kila gari lenye batri nzima liligeuka kuwa kituo cha umeme cha mtaa. Mwenye gari alifungua kapo, akafunga nyaya mbili kwenye batri, akazipitisha mpaka ndani, na simu za jirani zikapangwa juu ya kiti. Aliyetafuta habari za mama yake Sake au Minova alisubiri zamu yake hapo.

Tangu siku zile kuna swali linalorudi kila mara: namna gani gari linashika moto wakati mtu alitaka kuchaji simu tu? Jibu la haraka ni neno moja, fyuzi, ile ambayo mafundi wetu wanaita kwa Kifaransa fusible. Jibu lenyewe kamili lina karibu miaka mia moja, na linahusu redio kuliko kitu kingine chochote. Waya mnene uliotolewa kwenye batri ya gari ukaingizwa kwa watu ulivutwa kwa ajili ya kusikia sauti. Na hapa kwetu Kivu, waya uleule ulirudi kwa ajili ya foni. Kipande chake bado kimo katika magari mengi yanayotembea barabarani hii leo, na wenye magari hawakijui.

Tuanze pale ambapo gari halikuwa na umeme wa kuvuta. Magari ya mwanzo yalikuwa na cheche za buji tu, na cheche zile zilitoka kwenye kidude kinachoitwa manyeto, kilichozungushwa na moteri yenyewe. Taa za mbele ziliwaka kwa gesi ya kabidi, ile inayotoka ukitia maji juu ya jiwe la kabidi, kama taa walizotumia wachimba madini. Kuwasha moteri sharti mtu asimame mbele na kuzungusha mkono wa chuma. Mkono ule uliweza kurudi nyuma kwa nguvu na kuvunja mkono wa mtu, au taya. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac huko Marekani ilitoa gari lenye mtambo wa umeme wa kuwasha moteri, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Kwa mtambo ule gari lilihitaji batri kubwa na dinamo ya kuijaza, na kwa kuwa umeme sasa ulikuwapo, taa nazo zikaingia kwenye umeme.

Batri haikukaa chini ya kapo mara moja. Katika magari mengi ya wakati ule iliwekwa chini ya sakafu au chini ya kiti. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, ambayo wazee wetu wanaikumbuka vizuri, ilibaki na batri chini ya kiti cha nyuma. Lakini polepole watengenezaji waliihamishia mbele, karibu na moteri, ili waya wa mtambo wa kuwashia uwe mfupi. Hapo ndipo ukuta ulipoanza kuwa na maana.

Ukuta huo ni ile bati nzito inayotenga moteri na miguu ya dereva. Haukuwekwa kwa urembo. Kazi yake ni kuzuia joto, moshi, mafuta yanayoruka, na moto ukitokea, visifike kwa watu mpaka wapate muda wa kutoka. Kila tundu unalotoboa katika ukuta ule unapunguza kinga hiyo. Na bati iliyotobolewa ina ukingo mkali kama kisu. Gari likitembea katika mawe ya volkano kama yetu, waya unatikisika juu ya ukingo ule mara elfu na elfu, plastiki inakatika kidogo kidogo, mpaka siku moja shaba inagusa chuma.

Na chuma cha gari ndiyo nusu ya mzunguko wa umeme. Nyumbani waya ni mbili, mmoja wa kuleta na mwingine wa kurudisha. Katika gari, ili kupunguza shaba, watengenezaji walifanya mwili mzima wa gari uwe njia ya kurudia: upande mmoja wa batri umefungwa kwenye chuma cha gari. Kwa hiyo waya unaotoka upande wa pili, ukigusa bati popote, batri nzima inajimwaga pale. Batri ile ile inayotoa mamia ya ampea kuzungusha moteri baridi asubuhi, inatoa mamia ya ampea katika waya mwembamba wa kuchajia simu. Waya unakuwa mwekundu, plastiki inawaka, na pale pembeni kuna mabomba ya esansi. Nimeeleza hili kwa urefu kwa sababu bila hili historia inayofuata haieleweki.

Mwaka 1930, mjini Chicago, ndugu wawili, Paul na Joseph Galvin, walikuwa na kampuni ndogo iliyokaribia kufa kwa sababu ya mdororo wa uchumi. Watu walikuwa na redio nyumbani. Galvin alitaka redio ya gari ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua. Akaitengeneza, akaifunga katika gari lake la Studebaker, na mwezi wa sita mwaka ule akaendesha mpaka Atlantic City ambako wafanyabiashara wa redio walikuwa na mkutano. Hakuwa na pesa za kukodi meza ndani. Aliegesha gari nje na kufungulia sauti. Redio ile iliuzwa kati ya dola 110 na 130, wakati gari jipya la bei ya chini lilikuwa karibu dola 500 au 600. Galvin aliipa jina la kuunganisha neno la gari na mwisho wa majina ya vinanda vya sahani vya wakati ule: Motorola.

Hapa Kivu jina hilo halihitaji maelezo. Kila mtu aliyekua katika miaka ya vita anajua motorola ni nini: ile simu ya mkononi ya askari, yenye antena fupi, inayokohoa kabla ya kusema. Wachache wanajua kwamba jina lilianza kwenye redio ya muziki ndani ya gari. Mwaka 1936 kampuni ile ilitoa redio ya magari ya polisi, na mwaka 1940 ikatengeneza kwa ajili ya jeshi la Marekani redio ya kushika mkononi. Jina la kampuni yenyewe lilibadilishwa kuwa Motorola mwaka 1947.

Turudi kwenye waya. Kufunga redio zile za kwanza kulikuwa kazi ya siku, si ya saa. Redio ilitumia taa za kioo ambazo zilihitaji umeme wa volti nyingi kuliko batri ya gari, kwa hiyo zilifungwa batri nyingine za pembeni chini ya sakafu, na sakafu ilikatwa. Antena ilishonwa ndani ya paa au ikaning'inizwa chini ya gari. Kipaza sauti kilikuwa mahali pake, sanduku la redio mahali pengine nyuma ya ule ukuta, na vifungo vya kuendeshea vikakaa kwenye usukani. Nyaya zilipita kila upande, kila moja na tundu lake.

Kuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi juu ya Galvin. Alitaka mkopo, akaona heri amfurahishe mtu wa benki kwa kumfungia redio katika gari lake, Packard. Mafundi wakafunga. Nusu saa baadaye gari likaungua, na mkopo haukupatikana. Kama kilitokea hivyo hasa au kimetiwa chumvi, kinaonyesha kwamba tatizo la leo lilizaliwa siku moja na kifaa chenyewe.

Tatizo la pili lilikuwa kelele. Kila buji inapotoa cheche, inatupa angani mlio wa redio. Mtu akiendesha, badala ya muziki anasikia trrrr inayopanda na kushuka na mwendo wa moteri. Mafundi walijifunza kuweka vizuizi kwenye buji na kwenye dinamo, na kupitisha waya wa redio mbali na nyaya za buji. Ndiyo sababu fundi mzuri mpaka leo havuti waya kwa njia fupi tu. Anachungulia kwanza nini kiko jirani. Kule Ujerumani kampuni ya Blaupunkt ilitoa redio ya gari mwaka 1932, nzito na ya bei ya kutisha. Katika miaka hiyohiyo kikapatikana kidude cha kutetemesha umeme wa batri na kuupandisha volti, zile batri za pembeni zikaondolewa, na redio ikala moja kwa moja kutoka batri ya gari. Tangu hapo waya mmoja mnene ndio ulioleta umeme wote.

Batri za wakati ule zilikuwa za volti 6. Hesabu yake ni rahisi: gawanya wati kwa volti, unapata ampea. Kifaa cha wati 60 kwenye volti 6 kinavuta ampea 10. Kwenye volti 12 kinavuta 5. Ampea zikipungua nusu, waya unaweza kuwa mwembamba na joto linapungua. Katikati ya miaka ya 1950 watengenezaji wa Marekani walihamia volti 12, na wengine wakafuata polepole. Volkswagen ilishikilia 6 mpaka miaka ya 1960 ilipokuwa inakaribia kwisha. Mwaka 1955 Chrysler ilitangaza redio ya gari ya transista tupu, bila taa za kioo. Redio ikawa ndogo na ikala umeme kidogo, lakini ikawa na tabia mpya: ukikosea kubadilisha upande wa kujumlisha na wa kutoa, inakufa papo hapo. Na katika magari mengi ya Kiingereza, Land Rover na mengine yaliyokuja kwetu kupitia Uganda na Kenya, ni upande wa kujumlisha uliofungwa kwenye chuma cha gari, kinyume cha magari ya Kifaransa na Kijerumani, mpaka kunako miaka ya 1960. Fundi aliyezoea moja aliua redio za lingine.

Kile kitundu cha kuwashia sigara nacho kina nafasi yake hapa. Kilizaliwa kwa ajili ya wavutaji, katika miaka ya 1920. Watu wamepunguza kuvuta ndani ya gari, kitundu kimebaki, na leo dunia nzima inakitumia kuchajia simu. Uzuri wake ni kwamba kiwandani tayari kimepewa waya wa saizi yake, njia yake na fyuzi yake, kwa kawaida ya ampea 10 au 15 au 20. Simu moja inavuta chini ya ampea 1. Kwa hiyo mtu mwenye kitundu kizima hana sababu ya kufungua kapo kwa ajili ya simu tatu au nne. Shida ni kwamba katika magari yetu kitundu kile mara nyingi kimekufa kitambo, na aliyekuta fyuzi imeungua aliweka msumari.

Sasa tuje nyumbani. Kabla ya simu za mkononi, Kivu iliongea kwa foni. Misheni za kikatoliki na za kiprotestanti, wafanyabiashara wa dhahabu na kahawa, viwanja vya ndege vya porini, wote walikuwa na redio ya masafa marefu, batri chini ya meza, na antena ya waya iliyotandikwa kati ya miti miwili. Saa ya kuongea ilijulikana. Aliye Bukavu aliita Shabunda, aliye Goma aliita Walikale, na jirani walisimama dirishani kusikiliza kama kuna jina la ndugu yao. Telecel ilianza Kinshasa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, lakini simu zake zilikuwa za mabwana wakubwa. Mtu wa kawaida alikuwa na barua au foni ya padri.

Mwezi wa saba 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma katika siku chache. Kipindupindu kikaanza. Kambi zikajaa, Kibumba, Katale, Kahindo, Mugunga. Mashirika ya kimataifa yakaja na magari meupe, hasa Toyota Land Cruiser zile za mwili mgumu zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, na karibu kila gari likiwa na antena ndefu iliyofungwa mbele na kupindwa nyuma kama upinde. Ile ilikuwa antena ya foni ya gari, nyingi zikiwa za Codan, kampuni ya Australia. Watoto wa wakati ule walijua gari la foni kwa antena kabla hawajasoma jina la shirika mlangoni. Mwaka huohuo Bukavu ilianza kusikia Radio Agatashya, iliyoundwa kwa ajili ya wakimbizi, ikafanya kazi mpaka vita vya 1996. Yaani kwa upande mmoja redio iliwaambia watu chakula kinagawiwa wapi. Kwa upande mwingine foni ndani ya gari iliuliza kama barabara imefunguka ili chakula kifike.

Foni ya gari ndiyo iliyoleta kwetu somo zima la waya. Redio ya muziki inavuta ampea chache. Foni ya wati 100, pale mtu anapobonyeza kitufe na kusema, inaweza kuvuta ampea 20 na zaidi. Kitundu cha sigara hakiwezi. Kuiunganisha kwenye waya wa redio ya kawaida hakufai. Sharti waya wake utoke kwenye batri yenyewe, yote miwili, wa kujumlisha na wa kutoa, upite ukutani, ufike kwenye sanduku la foni nyuma ya kiti au chini ya tablo ya dereva.

Mafundi waliofundishwa kazi ile walifuata mpango mmoja. Kwanza, fyuzi karibu kabisa na batri, si karibu na foni. Watu wengi wanakosea hapa: wanafikiri fyuzi ni ya kulinda kifaa, kwa hiyo wanaiweka mwisho wa waya. Lakini kipande cha hatari ni kile kilicho kati ya batri na ukuta, na fyuzi iliyo ndani ya kabine haikilindi hata kidogo. Katika foni waliweka fyuzi kwenye waya wa kutoa pia, maana kamba ya kutoa ya batri ikilegea, umeme wote wa kuwashia moteri unatafuta njia nyingine ya kurudi, na unaweza kupita katika foni. Pili, pete ya mpira katika tundu la ukuta, inayobana waya ili usicheze na usikatwe, na inayoziba ili moshi wa moteri usiingie kwa abiria. Heri kutumia tundu ambalo kiwanda kimeliacha na kuliziba kwa mpira kuliko kutoboa jipya, kwa sababu upande wa pili wa bati huoni kama kuna bomba la breki. Tatu, waya ufungwe kila baada ya kipande, mbali na bomba la moshi, mbali na usukani na pedali. Katika magari yetu mengi usukani uko kulia kwa sababu yanatoka Japani, kwa hiyo njia aliyozoea fundi wa gari la usukani wa kushoto inaweza kumwangusha palepale penye pedali.

Na unene wa waya. Foni iliyofungwa kwa waya mwembamba ilikuwa na ugonjwa ambao waendeshaji wa zamani wanaukumbuka: inasikia vizuri sana, lakini haisikiki. Kusikia kunahitaji umeme kidogo. Kusema kunahitaji mwingi, na waya mwembamba unakula volti njiani. Chukua waya wa shaba wa milimita mraba 2,5, mita tano kwenda na tano kurudi: kwa ampea 20 unapoteza karibu volti moja na nusu. Foni inapata volti 11 badala ya 12 na kitu, sauti inakatika, na kule ng'ambo wanasikia makohozi. Dereva aliye katika njia ya Masisi akiomba msaada wakati wa usiku alijua ukubwa wa tofauti hiyo. Kwa waya wa milimita 6 hasara inashuka mpaka karibu nusu volti.

Vita vya 1996 na vya 1998 vilitawanya magari yale. Mengi yaliporwa. Mengine yaliuzwa baadaye, mashirika yalipofunga kazi au yalipobadilisha magari. Foni ilikuwa kitu cha thamani na cha hatari; mtu aliyekutwa nayo aliweza kuitwa mpelelezi. Kwa hiyo ilitolewa haraka, mara nyingi kwa kisu: wakakata nyaya nyuma ya kiti, wakachukua sanduku. Upande wa batri hawakugusa. Gari likapata bwana mpya, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mwaka 2002, mwaka ule volkano ya Nyiragongo iliposhuka katikati ya mji tarehe 17 mwezi wa kwanza na Radio Okapi ikaanza tarehe 25 mwezi wa pili, ndipo pia Vodacom ilipoanza kazi nchini, na polepole watu wa kawaida wakapata simu. Foni ikarudi kwa mashirika, jeshi na porini. Waya wake ukabaki ndani ya gari, mnene, umekatwa, na mara nyingi bado una umeme.

Mambo hayo mawili yanakutana leo. Mtu anataka kuchaji simu kumi na tano za jirani. Anapapasa chini ya tablo au nyuma ya kiti, anakuta waya mnono, anaujaribu, unatoa cheche. Anafurahi: Mungu amenipa njia. Anafunga juu yake tawi la waya mwembamba, pengine pia mashine ya kugeuza volti 12 kuwa 220. Fyuzi ya zamani karibu na batri iliondolewa miaka kumi iliyopita na mtu aliyetaka kutumia kishikio chake. Simu kumi na tano peke yake si mzigo mkubwa, ni kama ampea 6 mpaka 12. Mashine ile ikibeba wati 300 inavuta karibu ampea 30. Lakini hata bila mashine, hatari haiko kwenye simu. Iko kwenye ule mpira wa ukutani uliokauka na kupasuka baada ya miaka ishirini ya joto la moteri.

Malori yana hadithi yake. Fuso na ndugu zake wengi wana batri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo kupata 24. Dereva anayetaka volti 12 kwa redio au kuchajia simu anachukua kwenye batri moja tu. Inafanya kazi, ndiyo maana kila mtu anafanya. Lakini batri moja inachoka na nyingine inajazwa kupita kiasi, zote mbili zinakufa kabla ya wakati, na lori linakwama njiani na watu juu ya mizigo. Kuna kifaa cha kushusha 24 kuwa 12 na kinapatikana madukani. Ni bei rahisi kuliko batri.

Na batri yenyewe si kisima. Ya ampea-saa 70 ukiivuta ampea 10 moteri ikiwa imezimwa, katika saa tatu na nusu nusu imekwisha, na batri ya kuwashia gari haipendi kushushwa hivyo mara nyingi. Altaneta za kisasa, zilizoingia katika magari ya Chrysler mwaka 1960, zinajaza hata moteri ikizunguka polepole, tofauti na dinamo za zamani. Kwa hiyo wengi wanaacha moteri ikiwaka. Sawa, lakini si ndani ya uzio uliofungwa ambamo familia zinalala, maana moshi ule unaua bila harufu ya kukuamsha.

Kama gari lako lilikuwa la shirika, au hujui lilikuwa la nani, fungua kapo mchana na fuata kila waya unaotoka kwenye batri, mmoja mmoja, kwa mkono, moteri ikiwa baridi. Mnene unaokwenda kwenye mtambo wa kuwashia na ule wa altaneta ni vya gari. Wa kutoa unaokwenda kwenye chuma ni wa gari. Ukiona mwingine, mnene kiasi cha kalamu, mara nyingi mwekundu na mweusi vikitembea pamoja, unaingia ukutani na hauna fyuzi katika sentimita chache za kwanza, huo karibu hakika ni wa foni. Legeza kwanza kamba ya kutoa ya batri, ile ya alama ya kuondoa, uiweke pembeni isiguse. Kisha fungua waya ule upande wa batri. Ukitaka kuutumia, mpe fundi aukague wote, abadilishe mpira wa ukutani na aweke fyuzi kabla hajaurudisha. Fyuzi ya ampea 10 inatosha kwa simu. Usipoutaka, uvute wote utoke. Shaba yake ina bei sokoni, na tundu litakalobaki lizibwe kwa mpira siku hiyohiyo, maana mvua ya huku haingoji.